Penye Boneti Wazi

Fungua boneti ya Peugeot 504 kando ya barabara yoyote Nairobi, kisha uhesabu hadi kumi. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu. Penye boneti wazi pana mafundi, na kila mmoja ameshaujua ugonjwa kabla hajamwona mgonjwa.

Yangu ni ile ndefu ya safu tatu za viti, aina iliyokuwa ikibeba abiria wa masafa marefu enzi hizo. Dada zake walishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Wazee wa mtaani hunikumbusha habari hizo kila wanaponikuta naisukuma. Aliyeniuzia alikiri kwamba "inakunywa maji kidogo", kwa sauti ya mzazi anayesema mwanawe ana kamafua tu.

Basi ikanywa. Nikifika Thika, kulanti imepungua. Nikirudi, imepungua zaidi. Chini ya gari, pakavu. Nililaza katoni usiku kucha kwenye maegesho, asubuhi ikaamka safi, isipokuwa paka wa jirani alikuwa ameipenda.

Mwenye paka, mzee mstaafu, alitoa hukumu ya kwanza: gasketi ya silinda hedi. "Kijana wangu, huoni moshi mweupe huo?" Niliuona. Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, na magari yote ya mtaa yalikuwa yakitoa moshi mweupe, pamoja na midomo yetu sisi wawili. Nikachomoa kijiti cha oili: oili safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua rejeta injini ikiwa baridi, nikawasha, tukainama kutazama. Hakuna povu. Mzee akanyanyuka polepole. "Bado," akasema. "Inakuja." Baadaye nilipata habari kwamba gasketi ndiyo iliyoua gari lake mwenyewe.

Mchomeleaji wa jua kali alisema ni rejeta. Sikushangaa, kwa kuwa alikuwa na gesi tayari mkononi.

Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, alishika kifuniko cha rejeta na kunipa somo zima. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, wala hayangoji 100 kama ya Mombasa. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni mgandamizo, na mgandamizo hushikwa na springi ya kifuniko. Ikilegea, maji yanatoroka kama mvuke. Hoja hiyo niliiheshimu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuja na sababu. Nikanunua kifuniko. Maji yakaendelea kuondoka, safari hii chini ya kifuniko kipya.

Mama mkwe alishauri tuombe. Ulikuwa ushauri pekee ambao haukuhitaji spana.

Kilichotuchanganya ni madoa. Kulanti ikikauka juu ya chuma cha moto huacha alama ya kijani-kijani, na alama hizo zilikuwa kila mahali: kwenye betri, nyuma ya rejeta, ubavuni mwa injini, hata ndani ya boneti. Kila fundi alipata doa la kuthibitisha hukumu yake.

Hatimaye niliazima pampu ya mkono ya kupimia, ile inayofungwa mahali pa kifuniko. Nikaifuta injini ikakauka, nikainyunyizia poda ya mtoto (mke wangu aliuliza, nikasema ni ya gari, akanyamaza kwa namna isiyofurahisha), kisha nikajaza mgandamizo bila kuwasha. Tukangoja. Mstari mwembamba ukachora njia kwenye poda, kutoka kwenye shafti ya pampu ya maji.

Chini ya pampu kuna kitundu kilichowekwa makusudi, ili sili ikichakaa maji yadondokee hapo na yasiende kuharibu beringi. Mtu fulani aliyenitangulia alikiona kinadondosha, akakiziba kwa gundi ya chuma, tena kwa ustadi, akaipiga na msasa. Maji yakajipenyeza kupitia shafti, na feni, ambayo kwenye 504 imekaa mbele ya pampu hiyohiyo, ikawa inayanyunyiza injini nzima. Injini ikizimwa, hakidondoki kitu.

Barabara ya Kirinyaga, muuzaji wa spea aliniuliza kama nataka pampu orijino au orijino yenyewe. Nikachukua yenyewe. Kiasi cha maji hakijashuka tangu hapo. Nilimwonyesha yule mzee pampu ya zamani, gundi na yote. Akaigeuza, akaikwangua kwa ukucha, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa," akasema, "mgandamizo wote utaenda kwenye gasketi."