Uainishaji wa Majibu ya Uongo katika Ufahamu wa Pete za Miti

Wanasayansi wamekwisha kuainisha vyura, popo na hata kupe, lakini majibu ya A, B, C na D yameachwa yazurure bila jina. Utafiti huu unaziba pengo hilo kwa kielelezo kimoja: kifungu cha ufahamu kuhusu A. E. Douglass, mwanaastronomia wa Marekani aliyesoma umri wa majengo kwenye boriti zake.

Swali la kwanza: kwa nini Douglass alianza kuchunguza pete za miti?

Hapa hutokea spishi ya kwanza ya jibu la uongo, Kasuku: "Ili kujua umri wa magofu ya Wapueblo." Magofu yamo kwenye kifungu, umri umo, Wapueblo wamo, kinachokosekana ni ukweli tu. Douglass alikuwa akitafuta ndani ya mbao alama za mzunguko wa madoa ya jua, wa miaka 11 hivi. Magofu yalifuata baadaye. Jirani yake ni Mkweli Asiyeitwa: "Pete huwa nyembamba miaka ya ukame." Sawa kabisa, ila nani kauliza?

Jabari hutambulika kwa "yote", "daima" na "kamwe": "Miti yote huongeza pete moja kila mwaka." Mtahiniwa wa Tanga ana kinga ya kuzaliwa dhidi yake, kwani katika nchi za joto miti mingi haina pete za mwaka zinazosomeka, na penye masika na vuli mti waweza kuweka mbili. (Kinga hiyohiyo humponza akijibu kwa elimu ya shamba la babu badala ya kifungu.)

Spishi hatari kuliko zote ni Mrukaji. Mwaka 1929, huko Show Low, Arizona, ilichimbuliwa boriti iliyoungua, ikaitwa HH-39. Pete zake, za 1237 hadi 1380, ziliunganisha mfululizo wa miti ya karibuni na ule wa magofu, ambao hadi siku hiyo ulikuwa ukielea bila tarehe. Swali: kifungu kinathibitisha nini?

"Nyumba ilijengwa 1380," anaruka Mrukaji. Lakini ukingo wa gome ukiwa umechongwa au kuungua, pete ya nje iliyobaki si lazima iwe ya mwaka wa kukatwa mti. Tena boriti nzuri haitupwi. Hung'olewa kwenye nyumba kuukuu ikabeba paa jipya. Mtahiniwa mwangalifu hukimbilia "Nyumba haikujengwa kabla ya 1380", asijue huyo ni Mrukaji aliyevaa miwani: huenda nyumba ilikuwepo zamani, boriti ikaingia wakati wa ukarabati.

Jibu ni C: "Mti huo ulikuwa hai mwaka 1380." Wengi huliruka, kwa kuwa ni fupi, halina mbwembwe, nao tangu shule ya msingi wamenong'onezana kwamba jibu refu ndilo la mwalimu.