Hema la Mull na Kibanda cha Meatu

Ndugu zangu wa Bariadi,

Huku Scotland kiangazi kimeingia, yaani mvua sasa ina uvuguvugu kidogo, na watu wenye vitanda vizuri mjini wamehamia kisiwa cha Mull kulala kwenye mahema wapate kumwona fisi maji. Najua mtacheka. Chekeni, ila mkimaliza mnisikilize, kwa maana nina hoja: kazi wanayoifanya watu hawa kwa gharama zao ndiyo ileile anayoifanya mkulima wa Meatu huko kwetu kwenye kibanda chake cha kulindia shamba usiku kucha. Ni vile mmoja anaiita likizo.

Tazameni wenyewe. Mtu wa Mull hukaa juu ya jiwe lenye mwani, upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimfikie mnyama. Hasemi, hakohoi. Saa mbili zinapita. Mara kichwa cheusi kinaibuka majini, fisi maji anapanda mwambani na kaa mdomoni, anamtafuna magamba yakilia, anazama. Kwisha. Upepo ukitulia wanakuja usubi, wadogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa, hata watu wakavaa vyandarua kichwani huku wakinywa chai. Sasa nendeni mashamba yanayopakana na Pori la Akiba la Maswa mahindi yanapokomaa. Mkulima naye yuko nje akimngoja tembo, naye anapima upepo, naye anasikiliza kijiti kikivunjika. Badala ya darubini ana debe na tochi, na kuzunguka shamba ana kamba ya katani iliyopakwa pilipili na oili chafu. Mbu hawajambo.

Yuko atakayesema wenzetu wanawapenda wanyama kwa kuwa wamestaarabika. Mwulizeni tai wa mkia mweupe. Wa mwisho nchini Uingereza alipigwa risasi Shetland mwaka 1918, na ilipofika 1975 ikabidi waagize makinda kutoka Norway, wakawaachia kisiwa cha Rum. Kinda wa kwanza kukulia porini tangu hapo aliruka Mull mwaka 1985, na leo watalii wanamfuata tai huyu kwa mabasi. Walimpenda baada ya kummaliza. Aliporudi, wafugaji wakalalamika kwamba anabeba wanakondoo, na serikali ikalazimika kuwawekea mpango wa msaada. Mfugaji huyo na mkulima wa Meatu wangeelewana kwa kikombe kimoja cha chai, bila mkalimani. Mnyama hupendwa kwa kadiri alivyo mbali na shamba lako.

Mwingine atasema mkulima hatazami, anaogopa tu. Woga nao ni mwalimu, tena mkali. Lakini hata tukiuweka kando, Wasukuma walikuwa na chama cha Bayeye waliomsoma nyoka hadi wakacheza naye ngomani, na Banunguli waliomfuata nungunungu shimoni mwake. Woga mtupu haukufikishi huko.

Kinachoniuma ni hesabu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 za kifuta jasho zilipanga malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama kwa umbali kutoka hifadhini, na kadiri shamba lilivyoukaribia mpaka ndivyo malipo yalivyopungua. Kwa hiyo anayekesha karibu zaidi na tembo, anayemjua zaidi, ndiye aliyefutwa jasho kwa kitambaa kidogo zaidi. Mtu wa Mull akichoka anakunja hema. Kibanda cha Meatu hakikunjwi.

Basi nawaomba jambo moja. Mahindi yakishaingia ghalani, fungeni michembe yenu, mpite Lamadi, muingie Serengeti kwa lango la Ndabaka, mchana kweupe, bila debe. Tembo mmewazoea gizani, tena kwa mgongo wakiondoka. Mkawaone kwao, safari hii wageni wakiwa ninyi.