Sifa za Hewa ya Ngara

Anayetaka kuusifu Mlima Kenya na ausifu. Mimi naisifu hewa ya Ngara, Nairobi, saa saba mchana, inapofukuta juu ya mabati na lami ya Murang'a Road hadi madirisha ya ng'ambo yanaonekana yakicheza. Hewa yenye bidii: hailipwi wala haigomi. Ina huruma pia, maana hunipa likizo bila kumuuliza bosi.

Lakini kubwa zaidi ni usanii wake. Mtandao wetu huletwa kwa mwali wa leza, kutoka paa hadi paa. Ukiachwa, mwali huo ungenyooka tu, na kunyooka kuna utamu gani? Basi hewa ya moto na ya baridi hupigana vikumbo njiani. Joto likipanda kwa nyuzi moja, uwezo wa hewa kupinda mwanga hubadilika kwa takriban sehemu moja katika milioni. Sehemu moja! Wanasiasa wetu wangedai zaidi ndipo wayumbishe kitu. Hewa huridhika na hicho kidogo, ikakirudia hatua kwa hatua, hadi mwali unapepesuka kama mlevi, unatanuka, unamemeta kwa namna ileile zinavyomemeta nyota. Kolmogorov, Mrusi aliyeeleza mwaka 1941 jinsi mizunguko mikubwa ya hewa inavyozaa midogo, angepanga chumba Ngara angemaliza mapema. Sisi tunatumbuizwa bure, katikati ya mkutano wa Zoom.

Tena ni mvumilivu: hubebeshwa lawama na haiweki wakili. "Ni hali ya hewa, mpendwa mteja," huniambia watu wa huduma. Haya. Na saa tisa usiku, mabati yamepoa, hewa imetulia, mbona mtandao bado haupo? Nilipanda paani kujionea: kisanduku cha leza kinaning'inia kwa bolti moja, na mbele yake blanketi la mpangaji limeanikwa tangu juzi! Fundi anakuja "kesho", wiki baada ya wiki.

Mwaka 2021 mwali kama wetu, wa Taara, wakati huo mradi wa Alphabet, ulivuka Mto Kongo, karibu kilomita 5 kati ya Brazzaville na Kinshasa. Kwa siku 20 ulipitisha karibu terabaiti 700, ukiwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Kule nako kuna jua na hewa. Ila kulikuwa na vioo vinavyojielekeza upya mwali unapoyumba, na watu wanaovitunza.

Kwetu kinachotunzwa ni bili. Ujumbe wa kudai malipo hupita hewa hiihii ya Ngara, na haujachelewa hata siku moja.