Divai Nyekundu kwa Sombe

Mgeni mmoja alitufundisha, mezani Goma, kwamba hata chakula cha kawaida kina divai yake. Akazungusha glasi, akanusa, akatangaza kuwa ile nyekundu ya Bordeaux ina harufu ya udongo wa mvua. Mimi nimekulia Masisi. Udongo wa mvua naujua. Nimelala ndani yake siku mbili, juu ya lori la viazi lililokwama.

Kama ni kuoza kinywaji kwa chakula, sisi mahari tulilipa zamani. Fromaji ya Masisi, ile jibini ya duara yenye rangi ya manjano, ambayo ufundi wake waliuleta mapadri wa Kibelgiji, huliwa na viazi vya kuchemsha, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pembeni. Kasiksi haina mwaka kwenye lebo, wala lebo yenyewe. Ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa majani, juisi yake hutiwa mtama uliokaangwa, kisha huachwa ichemke yenyewe ndani ya kidumu mpaka kifuniko kiruke. Ya mwaka gani? Ya Jumanne.

Kule Walikale hawaulizi divai ipi inafaa bugali ya muhogo. Wanauliza kama bia ya Primus imefika. Chupa iliyovuka tope la barabara hupanda bei kila kilima. Kule Bordeaux wanaita hilo kuzeesha.

Mgeni akataka kujua sombe, yale majani ya muhogo, inaendana na nini hasa. Mama mwenye mgahawa akamsogezea beseni la maji.

"Na mkono uliooshwa, papa."