Yah: Maombi ya Kuifunga Milima ya Uluguru Tai Wakiwa Kiotani

Kumb. Na.: Haipo. Tai hana masijala.

Kamishna wa Uhifadhi,
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS),
Dodoma.

Mheshimiwa Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwombaji, mkazi wa Morogoro, anawasilisha kwa heshima ombi lisilohitaji semina wala posho. Linatekelezeka kwa bati moja na kopo la rangi: kila mwaka milima ya Uluguru ifungwe kwa wapandaji, ndege wawindaji wanapolea makinda. Wenzetu walioendelea wanafanya hivyo, na mwombaji haoni kwa nini tubaki nyuma.

Kule Yosemite, California, baadhi ya majabali hufungwa kuanzia Machi 1 hadi katikati ya Julai ili kozi aatamie kwa amani. Mkwea miamba anaarifiwa, ananung'unika kidogo, kisha anahamishia kamba zake jabali la jirani. Kozi huyo alikaribia kutoweka kwa sababu ya DDT, dawa ya wadudu iliyoyafanya maganda ya mayai yake kuwa membamba hadi yakapasuka chini ya mama. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Wakwea miamba wenyewe wakawasaidia wataalamu kufika viotani. Mayai dhaifu yakatolewa yakaanguliwe kwa mashine, vifaranga wakarudishwa. Mwaka 1999 kozi akaondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Sehemu hii ya DDT inadhoofisha kidogo hoja ya bati na rangi, hivyo mwombaji anaomba isisomwe kwa sauti kikaoni.

Ugumu wa kwanza ni kumpata wa kumfungia. Wanaopanda Uluguru ni wanafunzi wa chuo kikuu cha SUA wanaokwenda Morningside na chupa za maji, mgeni anayefuata mwongozaji wake hadi kilele cha Lupanga, na mafundi wa minara ya mawasiliano pale Bondwa. Mwenye kamba na kofia ngumu ni wa kutafuta kwa tochi. Hata hivyo, hao waliopo wanafaa sana. Wana majina, wanasaini kitabu cha wageni, wanalipia kibali kwa namba ya malipo na wakiambiwa warudi wanarudi. Mtu anayeingia usiku na msumeno kupitia shambani hana namba ya malipo, na bati lililosimikwa kwenye njia ya watalii hatalisoma. Huyo asisumbuliwe.

Ugumu wa pili ni tai mwenyewe, ambaye kwa kweli hana nidhamu.

Tai mwenye taji, ndege wa misitu hii anayeweza kumuua kima na hata mbega, hajengi jabalini. Hujenga juu ya mti mkubwa, na kiota kilekile huongezewa vijiti mwaka hadi mwaka. Kikongwe huweza kuzidi mita mbili kwa upana, upana unaokishinda kitanda cha sita kwa sita. Yai huatamiwa kwa siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani siku 110 hivi nyingine. Hapo mtu angedhani kazi imekwisha, lakini Leslie Brown, afisa kilimo wa Kenya enzi za mkoloni aliyewafuatilia tai hawa kwa miaka mingi, aliona kwamba kijana akishajua kuruka huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi tisa hadi kumi na mmoja. Ndiyo maana jozi inayofanikiwa kulea hutaga mara moja tu katika miaka miwili. Tukifunga Machi hadi Julai tutakuwa tumemhifadhi vizuri sana kozi wa California.

Ndege wa majabali tunao, ila si hapa. Tumbusi wa Rüppell wanazaliana kwenye kuta za korongo la Olkarien, milima ya Gol, kaskazini mwa nchi. Tangu mwaka 2015 wamo katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, na mkosaji mkubwa ni sumu inayowekwa kwenye mizoga. Jirani zetu Kenya wana Hell's Gate, ambako tumbusi wanaishi kwenye majabali na watu wanakwea mnara wa mwamba wa Fischer. Palepale, umeme wa jotoardhi wa Olkaria ulianza mwaka 1981. Hifadhi ya taifa ikaja mwaka 1984, ikiyakuta mabomba ya mvuke yametangulia. Ila mtu mmoja anayening'inia kwenye kamba ni rahisi kumwona na kumpigia filimbi. Bomba halishuki likipigiwa.

Turudi Uluguru. Hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, ikaunganisha misitu ya kaskazini na kusini ambayo pale Bunduki ilikuwa imetenganishwa na mashamba. Tai anahitaji mti mrefu na kima wa kutosha. Vyote viwili vinaondoka kwa shoka na kwa moto, na moto hupanda kutoka mashambani wakati wa kiangazi bila kupitia getini. Mwombaji anapendekeza nao upewe kalenda: uruhusiwe Februari tu, kwa kibali, na uondoke kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mwombaji yuko tayari kuchora bati hilo kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Wako mtiifu,
Mwombaji.

Nakala:
Moto wa kiangazi, kwa taarifa.
Mwenye msumeno, kwa utekelezaji (anwani haijapatikana).
Tai mwenye taji, kiotani: asome tarehe, asaini, arudishe nakala moja ofisini.