Chuo cha Akina Mama wa Mokambo

Wakenya walifungua Kiriri, chuo kikuu binafsi cha wanawake, mwaka 2002. Sisi wa Katanga tuna haraka gani? Tuna Mokambo, mpakani na Zambia. Mama anayevusha unga kutoka Zambia husoma pale pasipo jengo wala kengele. Hesabu huzifanya kwa faranga, kwacha na dola kwa mkupuo mmoja. Lugha ni Kibemba upande ule, Kiswahili upande huu, na Kifaransa akimkabili bwana wa kizuizi. Falsafa hufundishwa na bwana huyohuyo: leo karatasi hii inatosha, kesho haitoshi, na anayeuliza sababu anarudia darasa. Minervali, yaani karo, hulipwa kila anapovuka, risiti hakuna.

Wabelgiji, tuwasifu kidogo, hawakujificha: katika fwaye zao, vituo vya mafunzo ya wanawake, waliwafundisha mama zetu kushona, kupika na kupiga pasi, basi. Mkongomani wa kwanza wa kike kuhitimu chuo kikuu, Sophie Kanza, alipatikana 1964, miaka 4 baada ya uhuru.

Siku hizi kuna semina za kumwezesha mwanamke, hotelini Lubumbashi, chai na keki juu. Waheshimiwa, huyu wa Mokambo amejiweza zamani. Mpeni risiti.