Namna ya Kumleta Shetani Kilimanjaro Bila Kukanyaga Moshi

Ukiwa na fedha zinazokuwasha mfukoni, tengeneza filamu ya kutisha ya dini. Usianze hadithi mpya, utachoka bure. Chukua filamu ambayo watu wameshaiona, kisha wasimulie yaliyotokea kabla yake. Padri Merrin alifia ndani ya The Exorcist ya mwaka 1973. Wenzako wakamrudisha ujanani, wakampeleka Afrika. Ndiyo hiyo Exorcist: The Beginning ya 2004: padri aliyepoteza imani vitani, mwaka 1949, anafukua kanisa la kale lililozama mchangani huko Turkana, Kenya.

Jambo la kwanza, Turkana usifike. Wao walipiga picha Morocco na kwenye studio za Roma. Wewe nawe ukitaka mteremko wa Kilimanjaro, tafuta kilima chochote chenye hoteli jirani, migomba utakodi.

Majina yasikuumize kichwa. Katika toleo la pili la hadithi hiyo kijana anayepagawa anaitwa Cheche, mkalimani anaitwa Chuma. Ukiyasikia pamoja utadhani ni karakana ya kuchomelea mageti. Na huyo Cheche wa Turkana aliigizwa na Billy Crawford, mwanamuziki kutoka Ufilipino.

Nimesema toleo la pili, ingawa kwa haki ndilo la kwanza. Paul Schrader alimaliza filamu yake, wenye fedha wakaona haitishi, wakamwita Renny Harlin airudie karibu yote. Ya Harlin ikatoka, haikusifiwa, ndipo mwaka 2005 wakaifungulia na ya Schrader, wakaiita Dominion. Stellan Skarsgård akawa Merrin mara mbili. Mchagga angeielewa hesabu hiyo: umejenga nyumba, hukuipenda, umejenga nyingine kando yake, mwishowe unapangisha zote mbili.

Shida itaanza kwenye kufukua. Mchanga wa jangwani hauna mwenyewe, angalau kwenye filamu. Huku mlimani utachimba kihamba cha nani? Kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na pembeni amelala babu. Mpaka umepandwa masale, jani lile lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea tunapoomba radhi. Ukiling'oa hujaamsha shetani, umeamsha ukoo. Kabla mtaalamu wako hajainua sururu ya pili, baba mdogo atakuwa amesimama juu ya shimo, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakuonyesha hapa?"

Hapo hakuna muziki wa kutisha utakaoshinda swali hilo.

Na makanisa yetu hayajafukiwa. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kibosho wakafuata, na Jumapili ukichelewa misa ya kwanza utasimama nje. Padri wako aliyepoteza imani hatapata hata siku tatu za kuipoteza kwa utulivu. Akina mama wa jumuiya watamletea ndizi na maziwa, mwenyekiti atakuja na daftari la michango, halafu ataulizwa kipaimara ni lini.

Mwaka 1949 wenyewe utakusumbua. Mswada utataka wenyeji wanaotetemeka mbele ya maofisa wa Kiingereza. Lakini ushirika wa kahawa wa KNCU ulikuwa umeandikishwa tangu 1933, na wazee wako wa kutetemeka wangekuwa mkutanoni wakibishana bei ya kilo.

Kwenye pambano la mwisho, padri asisome kitabuni kwa sauti ya chini. Watazamaji wa Moshi wamezoea pepo wakikemewa kwa vipaza sauti mpaka usiku wa manane. Watakuambia huyo hakemei, anasoma.

Fisi tafuta wa kweli. Wale wa 2004 walitengenezwa kwa kompyuta, na katika filamu nzima ni wao tu walionichekesha.